Miezi 36 ya ukaazi na kura ya Mzanzibari

Kila uandikishaji wa wapiga kura unapofunguliwa Zanzibar, umri hauzui ubishi mkubwa. Mzanzibari aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kuingia katika Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, na juu ya hilo vyama vyote vinakubaliana. Ubishi huanza kwenye swali linalofuata: unakaa wapi, na umekaa hapo tangu lini? Sheria ya Uchaguzi ya Zanzibar, Namba 4 ya mwaka 2018, inamtaka anayeomba kuandikishwa awe amekaa katika jimbo lake kwa miezi 36 mfululizo, na mkononi awe na Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Wapo wanaoliona sharti hili kuwa ngao ya uchaguzi wa haki, na wapo wanaoliona kuwa mlango uliofungwa mbele ya mwenye nyumba. Nadhani kila upande unasema jambo la kweli, na kinachowagonganisha ni kwamba sharti moja limebebeshwa kazi mbili zisizofanana.

Tuanze na wanaolitetea, kwa kuwa hoja yao mara nyingi hupuuzwa bila kupimwa. Majimbo ya Zanzibar ni madogo mno. Mwaka 2020 daftari lilikuwa na wapiga kura 566,352 waliogawika katika majimbo 50, yaani wastani wa watu elfu kumi na moja na ushei kwa kila jimbo. Katika jimbo la ukubwa huo, watu mia tatu au mia nne wakisafirishwa wiki moja kabla ya uandikishaji na kuandikishwa kwenye nyumba za jamaa, wanatosha kumwondoa mwakilishi ambaye wakaazi wenyewe wangemchagua. Wapiga kura wa namna hiyo wana jina lao Visiwani: mamluki. Kila chama kimewahi kukituhumu kingine kuwaleta, na hofu hiyo ina mizizi mirefu. Katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilipata asilimia 54 ya kura zote, lakini kikaambulia viti 13 tu kati ya 31, kwa sababu kura zake zilirundikana katika majimbo machache. Tangu wakati huo Mzanzibari yeyote anayefuatilia siasa anajua kuwa idadi ya kura pekee haiamui mshindi, bali pia kura hizo zimelala wapi. Ndiyo maana uchaguzi wa kwanza baada ya kurejeshwa vyama vingi, ule wa mwaka 1995, uliendeshwa kwa sharti kali zaidi la miaka mitano, na miezi 36 ni nafuu iliyokuja baadaye.

Iko hoja nyingine upande huohuo, nayo haihusu hila. Mwakilishi na diwani huchaguliwa ili washughulikie mambo ya mahali: bomba lisilotoa maji, skuli iliyojaa kupita kiasi, mtaro unaofurika kila masika. Anayeishi na kero hizo kwa miaka anajua ni nani aliyetimiza ahadi na ni nani aliyetoweka baada ya kiapo. Si dhulma kumtaka mgeni wa mtaa asubiri kidogo kabla ya kuamua nani awasemee majirani zake wapya.

Upande wa pili, hata hivyo, nao unayatazama maisha ya Wazanzibari kama yalivyo. Hawa ni watu wa bahari na wa kuhama. Mvuvi huenda dago, yaani kambi ya uvuvi, na kukaa huko miezi kadhaa akifuata samaki. Msimu wa karafuu huwapeleka watu Pemba, na msimu wa watalii huwapeleka vijana Nungwi na Paje kutafuta kazi za hoteli. Mfanyabiashara ana duka Darajani na mzigo wake uko Kariakoo. Mwanamke aliyeolewa huhamia kwa mumewe, na akiachwa hurudi kwao au hupanga chumba penye kodi anayoimudu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyefanya udanganyifu, lakini kwa kipimo cha "mfululizo" wote wanaweza kuambiwa hesabu yao ianze upya. Mjini hali ni ya kushangaza zaidi, kwa sababu mtu anaweza kuhama kutoka Jang'ombe kwenda Kwahani, mwendo wa dakika chache kwa miguu, akaendelea kununua samaki kwa mchuuzi yuleyule na kusali msikiti uleule, na bado akawa amevuka mpaka wa jimbo.

Sheria yenyewe inaonesha kuwa inafahamu tatizo hili, kwa sababu imewapa nafuu baadhi ya watu. Watumishi wa serikali na askari waliohamishwa kikazi, pamoja na wenzi wao, hawahesabiwi miezi kama raia wengine. Nafuu hiyo ina mantiki, kwani si haki mtu anyimwe kura kwa sababu ya amri ya mwajiri wake. Lakini mantiki hiyohiyo inamhusu kijana wa hoteli aliyehamishwa na mwajiri binafsi, na inamhusu zaidi mvuvi ambaye mwajiri wake ni bahari. Sijasikia jibu la kuridhisha kwa nini uhamisho wa askari uheshimiwe na uhamisho wa mchukuzi wa bandarini usiheshimiwe. Upinzani umelisema hili kwa miaka mingi, kwa kuwa askari wakiwekwa kwa wingi katika jimbo dogo huwa na uzito uleule unaoogopwa kwa mamluki.

Kisha iko kazi ya kuthibitisha. Kwa wengi, ushahidi wa ukaazi si hati ya nyumba wala risiti ya umeme, ni neno la sheha, kiongozi wa serikali katika shehia, ngazi ya chini kabisa ya utawala. Sheha huwajua watu wake, na katika shehia tulivu ujuzi huo ni msaada mkubwa kuliko karatasi yoyote. Lakini sheha huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, ambaye naye ni mteule wa Rais, na Rais ni mgombea au kiongozi wa chama kinachogombea. Hata sheha mwadilifu kabisa anabeba mashaka ya cheo chake. Barua yake inahitajika pia katika safari ya kupata kitambulisho, kwa hiyo aliyekosa barua hukosa kitambulisho, na aliyekosa kitambulisho hafiki hata kwenye swali la miezi 36. Mwaka 2009 mgogoro wa vitambulisho ulifika mahali uandikishaji wa Pemba ukasitishwa kwa muda. Ningependa tulikumbuke hilo kila tunapoambiwa kuwa suala hili ni la kiutaratibu tu.

Sasa nifike kwenye zile kazi mbili nilizozigusia mwanzo, ambazo kila moja ina swali lake. La kwanza ni hili: nani ana haki ya kuchagua uongozi wa jimbo hili? La pili: nani ana haki ya kumchagua Rais wa Zanzibar? Kwa swali la kwanza ukaazi ni kipimo cha haki, hata tukibishana kuhusu urefu wake. Kwa swali la pili ukaazi wa jimbo hauna kazi, kwa kuwa katika uchaguzi wa Rais Zanzibar nzima ni jimbo moja. Aliyehama kutoka Jang'ombe kwenda Kwahani hakuongeza kura hata moja kwa mgombea yeyote wa urais, wala hakupunguza. Hofu ya kweli katika kura ya Rais ni kuingizwa wasio Wazanzibari, na si hofu ya kufikirika tu: mwaka 1995 Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa kumshinda Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8. Lakini hofu hiyo inajibiwa kwa kuthibitisha Uzanzibari wa mtu. Miezi aliyokaa katika mtaa fulani haithibitishi jambo hilo.

Mfano wa kutenganisha mambo haya tunao tayari. Tume ya taifa ya uchaguzi ina daftari lake kwa walioko Zanzibar ambao hawakutimiza masharti ya Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, nao humchagua Rais wa Jamhuri ya Muungano. Matokeo yake ni kwamba Mzanzibari aliyezaliwa Unguja na kuishi Unguja maisha yake yote anaweza kushiriki kumchagua Rais wa Muungano wote, na siku hiyohiyo akakosa kumchagua Rais wa Visiwa alikozaliwa, kwa sababu tu alibadilisha nyumba ya kupanga.

Ninachopendekeza ni hiki: Mzanzibari aliyethibitishwa aandikishwe kumchagua Rais wa Zanzibar popote anapokaa, na miezi 36 ibaki kuwa sharti la kura za mwakilishi na diwani tu, huku alama kwenye orodha ikionesha nani ana haki ya zipi. Wapo watakaosema kuwa madaraja mawili ya wapiga kura yatawachanganya makarani na kuwapa mawakala wa vyama sababu mpya ya kugombana kituoni. Pingamizi hilo lina uzito, kwa kuwa kituo cha kura Visiwani hakihitaji utata zaidi. Hata hivyo makarani wetu tayari hugawa karatasi za ngazi tofauti kwa siku moja, na alama iliyochapishwa kwenye orodha mbele ya jina ni jambo ambalo wakala wa chama chochote anaweza kulisoma na kulikagua mapema, majina yanapobandikwa. Ni rahisi kukagua alama kuliko kukagua dhamiri ya sheha.

Kwa mpangilio huo, na kwa sharti kwamba anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi akiwa bado na muda wa kukata rufaa, mpangaji aliyehamia Kwahani angeingia kituoni na kupewa karatasi ya Rais wa Zanzibar. Za mwakilishi na diwani angezisubiri hadi miezi yake itimie.