Melisa ya mtungini na melisa ya pakiti

Kwenye vitalu vya kando ya barabara hapa Nairobi, kati ya rozimari na mnanaa, siku hizi utakuta mche wenye kibandiko cha lemon balm. Kuna wauzaji wanaouita mnanaa wa limau, na hawajakosea sana: ni ukoo mmoja na mnanaa, shina lina pembe nne, majani yana meno pembeni. Sugua jani moja kati ya vidole na limau itakupanda puani. Kitaalamu ni Melissa officinalis; Melissa ni neno la Kigiriki lenye maana ya nyuki, kwa sababu nyuki huyapenda maua yake. Mimi nauita melisa.

Ubishi uko kwenye pakiti. Mtu anauziwa majani makavu kwa ahadi kwamba yatamwondolea wasiwasi, yampe usingizi, yashushe presha na kutibu kisukari. Wengine nao wanasema hiyo ni chai tu, haina lolote. Wote wamepitiliza, ila wa kwanza ndio wanaokusanya hela.

Mwaka 2004 watafiti wa Uingereza waliwajaribu watu 18 wenye afya kwa kazi za kuchosha akili. Walipomeza miligramu 600 za dondoo ya melisa, yaani kiini kilichotolewa kwenye majani, walijihisi watulivu zaidi. Si haba. Lakini watu 18 hawajazi hata matatu mbili, na walichomeza ni dondoo iliyopimwa, si kikombe cha chai. Shirika la Dawa la Ulaya nalo linakubali melisa itumike kwa msongo mdogo wa mawazo, usingizi na tumbo lililojaa gesi, ila kwa kuwa imetumika miaka mingi, si kwa kuwa majaribio yameithibitisha. Muuzaji atakutajia nusu ya kwanza tu. Presha na kisukari havimo kabisa.

Halafu kuna suala la harufu. Mafuta yaliyomo kwenye jani ni kidogo mno, na jani likikaushwa vibaya au likikaa sana harufu hutoroka. Ndiyo maana mafuta halisi ya melisa ni ghali, na huchakachuliwa kwa ya mchaichai. Pakiti niliyonunua mwaka jana ilinukia nyasi kavu. Kama ni kunywa, basi bora uchume mwenyewe.

Kuupanda si kazi. Mbegu ni ndogo sana na zinataka mwanga ili ziote, kwa hiyo usizifukie. Zibonyeze tu juu ya udongo. Rahisi zaidi ni kuomba kipandikizi, ukitie kwenye glasi ya maji hadi kitoe mizizi. Wa kwangu uko kwenye mtungi wa lita 20 uliokatwa katikati na kutobolewa chini. Udongo mwekundu wa Dagoretti unaufaa. Ule mweusi wa Embakasi hutuamisha maji na mizizi ikaoza, kwa hiyo huko tumia chombo, uchanganye mchanga na samadi. Jua kali la Januari liliubabua wangu ukawa manjano, nikausogeza penye kivuli cha mchana ukarudi. Kata kabla haujatoa maua, utachipua tena.

Utaniuliza, mchaichai uko hapo kwenye ua, bure, wa nini huu? Kama unatafuta ladha ya limau tu, sina jibu. Melisa inautangulia kwa wingi wa asidi ya rozimariki, ambayo watafiti wanaihusisha na utulivu.

Ila utulivu huohuo ndio wa kuchunga: ukichanganya melisa na dawa za usingizi unaweza kulala kupita kiasi, na vipimo vya maabara vinaashiria kwamba huingilia kazi ya tezi ya shingo. Jirani yangu anameza vidonge vya tezi kila asubuhi. Alipokuja na kikombe kuniomba majani, nilimchumia mnanaa.