Nilivyoupaka Deheni Ubao wa Mpwa Wangu

Ukoo wetu ni wa majahazi. Babu yangu alikuwa fundi wa vyombo kijijini Matondoni, kisiwani Lamu, na utotoni mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia kopo la deheni, yaani ule mchanganyiko wa chokaa na shahamu unaopakwa sehemu ya jahazi inayozama, ili mbao zisiliwe na wadudu wa baharini na chombo kikate maji bila kukwaruzwa na chochote. Sehemu ya juu hupakwa sifa, mafuta ya papa ambayo harufu yake nikiikumbuka hadi leo nageuza uso. Nayaeleza haya mapema ili msomaji afahamu kwamba kosa nililolifanya California sikulifanya kwa ujinga. Nililifanya kwa elimu, ila ilikuwa elimu ya chombo kingine.

Ninaishi Anaheim, mwendo wa gari usiotimia saa moja kutoka Laguna Beach, mji ambao walinzi wa ufukwe wake hutajwa kuwa ndio walioanzisha mchezo wa skimbodi katika miaka ya 1920, wakiteleza kwa vibao vya mbao kwenye maji ya ukingoni. Mpwa wangu wa miaka 14 halali usingizi kwa ajili ya mchezo huo. Ubao wake una urefu wa kama sentimita 130, unene wake haufiki sentimita 2, moyo wake ni povu gumu lililovishwa faiba, pua yake imeinuka kidogo, na chini hauna pezi hata moja. Siku moja tulipokuwa tukila biriani kwa dada yangu, nilisema mbele ya watu wazima na watoto kwamba mtu wa Lamu hawezi kushindwa na kitu kinachoelea kwenye maji ya kifundo cha mguu. Hakuna aliyebisha, na hilo peke yake lingetosha kunitia wasiwasi.

Jumamosi iliyofuata, mwezi wa Julai, kijana alikuwa na mazoezi ya mpira, kwa hiyo akaniachia ubao gereji pamoja na ujumbe mfupi katika simu: "Mjomba, usisahau kupaka nta." Wapi pa kupaka, hakusema. Nami sikuuliza, kwa sababu mjukuu wa fundi haulizi chombo hupakwa wapi.

Nilipoishika ile nta niliiona inanata vidoleni kama ulimbo, nikadhani imeharibiwa na joto la gereji. Nta ninayoijua mimi ni ile ambayo fundi cherehani hupitishia uzi ili upenye kitambaani, au seremala husugulia droo inayokwama. Kazi yake ni kutelezesha. Nikaulaza ubao kifudifudi juu ya meza na kuupaka mgongo wake wa chini, kuanzia pua hadi mkiani, kwa viduara vidogo vidogo vilivyopangana, taratibu, kama nilivyomwona babu akifanya. Ilinichukua nusu saa. Nilipomaliza nilirudi nyuma hatua mbili kuitazama kazi yangu, na naungama kwamba machozi yalinilengalenga.

Ufukwe wa Aliso, ulioko kusini mwa mji huo, una mchanga unaoshuka ghafla, ndiyo maana mawimbi huvunjikia miguuni pa watu badala ya kuvunjikia mbali. Wimbi likirudi huacha utando wa maji mwembamba mno juu ya mchanga, na hapo ndipo vijana hukimbia, huweka ubao, hupanda, hutelezea hadi kwenye wimbi linalofuata, kisha hugeuka nalo wakarudi pwani kama watu waliosahau kitu nyumbani. Niliwatazama kwa dakika tano nikaona inatosha.

Mara ya kwanza niliurusha ubao mbele kwa nguvu zangu zote, kama arushaye kimia. Ulitua kwa ukingo, ukabingirika kama gurudumu, ukaingia baharini peke yake, na wimbi likanirudishia kwa dharau. Niliuokota, nikaulaza mchangani nipumue, upande wa nta chini. Nilipouinua sikuutazama. Laiti ningeutazama, ningeona kwamba umekuwa mkate wa ufuta, mchanga umeushika kila mahali pasibaki hata nafasi ya kuweka ncha ya kidole.

Mara ya pili nilikimbia vizuri zaidi, na hata dada yangu, ambaye hasifu mtu ovyo, amekiri kwamba mbio zilikuwa nzuri. Niliutupa ubao, safari hii ukatua sawasawa, nikauruka kwa miguu yote miwili. Ulikwenda kama urefu wa dhiraa moja kisha ukasimama, kama punda aliyeambiwa apande mashua. Mimi sikusimama. Nakumbuka niliiona bahari, kisha mbingu, kisha kikoi changu kikinitangulia, kisha mchanga, ambao niliuona kwa karibu sana kwa sababu mwingine ulikuwa puani na mwingine mdomoni.

Mlinzi wa ufukwe alishuka mbio kutoka kwenye mnara wake. Aliniambia nisijitikise, kisha akaanza kunihoji kama akili zangu zimo. Aliniuliza jina, nikamtajia langu, la baba, la babu na la ukoo, naye akatikisa kichwa akiandika. Akaniuliza sasa ni saa ngapi. Nililitazama jua, nikamjibu kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba ni saa nne. Akauliza, ya alasiri au ya alfajiri? Nikamwambia, ya asubuhi, jua si unaliona? Hapo alimwita mwenzake. Mimi nilipoona hawajaelewa nikajitahidi kuwafafanulia, nikiwa bado nimelala chali na mchanga unanitoka puani, kwamba asubuhi huanza saa kumi na mbili, kwamba adhuhuri ni saa sita, na kwamba hivyo ndivyo watu wenye akili timamu wanavyohesabu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kunifunga kile kitambaa kigumu shingoni.

Dada yangu alipofika, walimuuliza kama hii ndiyo hali yangu ya kawaida. Alifikiri kidogo, akawajibu: "Tangu utotoni."

Nikiwa nimekalishwa chini ya mwavuli kusubiri niruhusiwe, mtoto mmoja wa umri kama wa miaka kumi aliuokota ubao wangu na kuupindua. Hakusema neno, akaenda kuwaita wenzake. Walikuja sita, wakaupindua tena mmoja baada ya mwingine kwa adabu, kama watu wanaopita kumtazama maiti.

Jioni ile mpwa wangu hakunikasirikia, jambo ambalo liliniuma zaidi. Aliniambia kwamba nta ya mchezo huu hutengenezwa inate makusudi, hata huuzwa kulingana na baridi ya maji, laini kwa maji ya baridi na ngumu kwa maji ya joto, na hupakwa upande wa juu ili miguu ishike. Upande wa chini hauguswi na kitu, kwa sababu kila chembe ya mchanga hapo ni breki. Kisha akanitoa uani kunionyesha mengine. Ubao hautupwi bali huwekwa: mkono mmoja unashika mkia na mwingine ubavuni, unainama huku ukikimbia, unauachia chini ukiwa bapa juu ya utando wa maji, kisha unaupanda kwa hatua, mguu mmoja halafu mwingine, kana kwamba ni mwendelezo wa mbio zako. Anayeruka kwa miguu miwili huusimamisha. Anayeegemea nyuma ubao humponyoka akaketi mchangani, na anayezidisha mbele huizika pua. Magoti yapinde muda wote. Na wimbi likirudi usingoje, kwa maana maji yakishanyonywa na mchanga, hata ubao usio na nta haukupeleki popote.

Kuusafisha kulinichukua jioni mbili, na kazi hiyo alinipa mimi. Niliuweka juani dakika chache tu hadi nta ikalainika, nikaikwangua kwa kadi ya benki iliyokwisha muda, nikafuta kwa kitambaa, na chini ya nta zikatokea mikwaruzo ambayo kijana aliihesabu kwa sauti. Alinikataza pia kuusahau ndani ya buti ya gari lililofungwa, kwa kuwa joto hulifanya povu la ndani lifure na faiba ikaachana nalo kwa malengelenge. Ukitoka baharini huoshwa kwa maji baridi ya bomba na kukaushwa kivulini, na ukipata ufa, hata mdogo, haurudi majini mpaka ukauke kabisa na kuzibwa, maana povu hunywa.

Nilimpigia simu ami yangu Lamu, ambaye naye ni fundi, nikitarajia angalau yeye atanitetea. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Hicho kitu kina mkuku?"

"Hakina, Ami."

"Kina tanga?"

"Hakina."

"Basi si chombo hicho, mwanangu, ni sinia. Nani alikufundisha kupaka sinia deheni?"

Sasa ninaweza kuteleza kama mita nne kabla ya kuanguka, na naanguka kwa kuketi. Mpwa wangu bado huniazima ubao, lakini ameandika JUU upande mmoja na CHINI upande wa pili kwa wino usiofutika, na kila anaponikabidhi huugeuza mara mbili mbele ya macho yangu, polepole, kama muuza samaki anayemhakikishia mnunuzi kwamba ubavu wa pili nao ni mzima.