Chai ya foleni ya Likoni

Binamu yangu ana gari-nyumba. Zamani lilikuwa matatu ya Kisauni. Sasa lina godoro, jiko la gesi na tangi la lita 100 chini ya kitanda. Sikukuu ilipofika alituazima twende Tiwi, mimi, mke wangu, watoto wawili na mama mkwe. Akaniongezea na dude la kulainisha maji, mtungi wa kufika gotini, wenye mipira miwili ya kupitisha maji. Alilinunua kwa Mholanzi mmoja aliyekuwa akiuza vitu vyake arudi kwao.

Maji ya visima vyetu mnayajua. Tumekaa juu ya mwamba wa matumbawe, kwa hiyo chokaa imejaa humo. Utasugua sabuni mpaka mkono uchoke, povu huoni, na birika halikawii kuota ganda jeupe. Ndani ya dude mna vichembe vya rangi ya asali, kama mayai ya samaki. Vinanasa chokaa na kuachia sodiamu badala yake. Vikishiba unavifufua kwa chumvi ya jikoni: unaitia, unapitisha maji polepole, yale ya chumvi unayamwaga, unasuuza mpaka ladha iishe, ndipo unaingiza mpira kwenye tangi.

Hapo kwenye "unayamwaga" ndipo nilipoponzeka.

Nilinunua pakiti tatu za nusu kilo. Mwenye duka akaniuliza, "Wakausha papa?" Alfajiri nikatia chumvi, nikafungulia maji, mara mtoto akaniita, kiatu kimoja hakionekani. Tulikipata ndani ya sufuria (msiniulize). Niliporudi mpira ulikuwa ndani ya tangi, maji yanatiririka, nikajipongeza.

Foleni ya feri ilikuwa ndefu. Mama akataka chai, nami nikajipiga kifua: "Mama, leo utakunywa chai ya maji laini." Mke wangu akapika mkandaa wa tangawizi na iliki, nikampelekea mama kwa mikono miwili.

Akapiga funda moja. Mtu wa heshima hatemi mbele ya mkwe. Akameza, taratibu, akashika kiti cha mbele.

"Mwanangu, sukari umetia?"

"Vijiko vitatu, Mama."

"Na hiki kingine?"

Nikaonja. Afadhali ningechota pale feri inapopita! Ilikuwa chumvi yenye uchungu juu yake, maana chokaa yote iliyofukuzwa kwenye vichembe ilihamia humo humo. Nikajaribu kunawa, sabuni ikakatika vipande kama maziwa yaliyoharibika. Mtoto wangu mdogo alidokoa kikombe cha bibi yake, akachungulia dirishani: "Baba, tumeshafika baharini?"

"Baba watoto," mke wangu akasema polepole, na akisema polepole ndiyo hatari, "Mama ana presha. Daktari amemkataza chumvi."

Muuza maji ya chupa akatokea, akanitazama usoni, akapandisha bei papo hapo. Nikalipa.

Tulipofika Tiwi nikainama kufungua koki ya tangi. Mama mkwe akaja na sufuria.

"Wayamwaga yote? Niachie ya kuchemshia muhogo."

"Mama, na daktari?"

"Daktari alinikataza chumvi. Maji laini hakuyataja."