Koo Moja, Mabosi Kumi

Watu humwona mwimbaji jukwaani dakika 45, kalowa jasho, taa zinamzunguka, wakasema huyu anacheza tu na analipwa. Haya. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mpiga gitaa akikata uzi anafunga mwingine kabla kiitikio hakijarudi. Mpiga ngoma ana fimbo za akiba pembeni ya kiti. Mwimbaji ana koo moja, halina spea, haliachwi nyumbani lipumzike mwenyewe akiendelea na shughuli, na kila binadamu aliyewahi kukohoa anajiona mtaalamu wake.

Waanze watu wa asali. Sauti ikikwaruza kidogo tu, vijiko vinakuja kutoka pande zote. "Lamba hii, itapaka nyuzi za sauti." Itapakaje? Ukimeza kitu kinashuka kwenye umio. Nyuzi za sauti zimo kwenye zoloto, njia ya hewa, na mlango huo hujifunga kila unapomeza. Asali ikizifikia kweli hutaimba, utapaliwa. Maji nayo ni yale yale: ukibugia chupa nzima nyuma ya pazia sekunde 30 kabla ya kuitwa, unalowesha mdomo na kujaza kibofu. Ili yalisaidie koo lazima yapite tumboni, yaingie kwenye damu, na hiyo ni kazi ya saa kadhaa. Maji ya shoo ya usiku yanywewe tangu asubuhi, kidogo kidogo. Kinachofika moja kwa moja ni mvuke: dakika 10 juu ya bakuli la maji ya moto, taulo kichwani, uso mbali kiasi cha kutobabuka. Lakini utamweleza nani hayo wakati kijiko kimeshaingia mdomoni?

Afadhali hata asali. Mbaya ni ile dawa ya kupuliza ya kutia ganzi. Maumivu ni kengele. Ukikata waya wa kengele hujazima moto. Mwimbaji anapanda hasikii kitu, anakamua nyimbo 12 kwa nguvu zote, asubuhi anaongea kama mlango wa ghala. Na sauti ikikwaruza wiki 3 bila kurudi, hapo washauri wote wakae pembeni, aitwe daktari wa masikio, pua na koo aingize kamera aangalie.

Kupasha sauti moto nako kuna kero zake. Njia bora kuliko zote haina heshima hata kidogo: mrija kwenye glasi ya maji. Zamisha ncha sentimita 2 hivi, si mpaka chini, halafu imba "uuu" ndani ya mrija, mapovu yakitoka, ukipanda kutoka sauti nzito hadi nyembamba na kushuka, kama king'ora. Dakika 5 zinatosha. Hewa inayobanwa na mrija husukuma kidogo kurudi nyuma, nyuzi zikakutana kwa upole badala ya kugongana. Nazo hugongana kweli: ukiishikilia ile noti ya "la" ambayo bendi hutumia kutyuni ala, zinakutana mara 440 kwa sekunde. Sekunde 4 tu za kujionyesha mwishoni mwa wimbo ni makofi 1,760. Kosa la wengi ni kuvujisha hewa puani. Bana pua ukiendelea; mlio ukibadilika, ulikuwa unapumulia pua na mrija haukufanya kazi yoyote. Basi fikiria mtu mzima, jina lake liko kwenye bango, kabana pua chumbani anapuliza mapovu, na mlangoni kuna mtoto anauliza kama na yeye anaweza kucheza.

Sasa kuna huyu kocha wa mazoezi. Mashabiki wanataka msanii mwenye tumbo lililogawanyika vipande 6, meneja anataka wanachotaka mashabiki, kocha anataka uzito uongezwe. Hakuna aliyeliuliza koo. Ukinyanyua vyuma huku umezuia pumzi, kinachoifungia hewa isitoke ni hizo hizo nyuzi za sauti, zinabanwa kama mlango unaozuiwa na watu wanne. Ule mguno wa "hiiiyaaa" unaotisha jimu nzima ni hewa inayolazimisha mlango huo. Toa pumzi unaponyanyua, vuta unaposhusha, na uzito ukikulazimisha kuguna, punguza. Kocha atakuona legelege. Mwache, yeye haimbi Jumamosi.

Na hilo tumbo lenyewe ni ugomvi. Ukivuta pumzi ya kuimbia, msuli ulio chini ya mapafu unashuka, vilivyo tumboni vinasogezwa, tumbo linatoka nje. Halina pa kwenda kwingine. Ukilinyonya ndani ili shati likae vizuri kwenye picha, pumzi inabaki kifuani, mabega yanapanda masikioni na mstari wa pili unakatika katikati ya neno. Kwa hiyo fundi wa nguo akupime kiuno ukiwa umejaza pumzi mpaka mwisho, mkanda nao ufungwe hivyo hivyo. Fundi atakuuliza mbona umenenepa tangu juzi.

Mazoezi yanayosaidia kweli yanachosha kuyatazama. Panda mashine ya kukimbilia, weka kilomita 5 au 6 kwa saa, mwendo wa kutembea, imba orodha nzima ya shoo kwa mpangilio wake bila kusimama. Ukizoea, ongeza mwendo kidogo kidogo. Panapokatika pumzi weka alama ya kalamu kwenye mashairi, na hapo ndipo dansi ipunguzwe: miruko ihamie pale vyombo vinapocheza peke yake, kwenye mistari mirefu miguu itulie. Wanaopanga dansi kwanza na pumzi baadaye ndio wale wanaogeuzia maiki kwa mashabiki kila kiitikio, "imbeniii!", watu wakidhani ni mapenzi.

Tufike kwa fundi mitambo, mtu anayelaumiwa kuliko wote na ambaye mara nyingi hana kosa. Kuna mtindo wa kukumbatia kichwa cha maiki kwa kiganja chote, unaonekana wa kishujaa. Zile nafasi za nyuma ya wavu si pambo. Ndizo zinazoisaidia maiki isisikie mambo ya nyuma, pamoja na spika ya jukwaani inayokutazama usoni. Ukiziziba, maiki inasikia kila upande, inameza mlio wa spika, spika inautema tena, na ukumbi mzima unapigwa ule mluzi wa kutoboa ubongo. Halafu msanii anageuka kumkodolea fundi macho! Shika mpini, mdomo uwe sentimita 3 hivi kutoka kwenye wavu, ukipiga noti kali sogea nyuma kidogo. Maiki isiyo na waya iwekewe betri mpya kila shoo. Zile zilizobaki "nusu" zipeleke kwenye rimoti ya nyumbani, kwa sababu betri ina tabia ya kufa ubeti wa pili wa wimbo uliowaleta watu.

Vile vispika vidogo vya masikioni, ambavyo mwimbaji hujisikilizia jukwaani, navyo vina mtego. Mtu anavua kimoja ili "asikie mashabiki", halafu sikio lililobaki anaomba liongezewe sauti, liongezewe tena. Kwenye desibeli 85 sikio linavumilia saa 8; kila zikiongezeka 3 muda unagawanywa kwa 2, ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Shoo ni dakika 45. Piga hesabu mwenyewe, kama bado unasikia anayekusomea.

Mafanikio? Ngoja nicheke kwanza. Ada ya shoo iite fungu 100. Bendi, usafiri na malazi vimekula 60. Meneja wako ana asilimia 20. Mkataba ukisema inakatwa kabla ya gharama, anachukua 20 na wewe unabaki na 20, sawa kwa sawa na mtu ambaye hakuruka hata mara moja. Ukisema baada ya gharama, anachukua 8, wewe 32. Tofauti yote hiyo imo kwenye neno moja, na msanii alisaini akiwa anajipiga picha na kalamu. Na mali bila daftari huisha bila habari: siku wimbo unapotungwa, kabla watu hawajatoka studio, andikeni nani ana asilimia ngapi ya utunzi, jumla iwe 100, kila mtu atie sahihi. Wimbo ukishavuma, hata aliyekwenda kununua maji atakumbuka kwamba kiitikio kilikuwa wazo lake.

Halafu watu hudhani koo linaharibikia jukwaani. Linaharibikia baada ya shoo. Muziki bado unalia, kila shabiki ana neno, na mtu akiwa kwenye kelele hupandisha sauti bila kujijua. Saa 2 za kupiga kelele "asante saaana, umetoka wapi?" ni shoo ya pili, haikupashwa moto wala haikulipwa. Kisha njaa ya saa 8 usiku, sahani imejaa, unalala papo hapo, kiungulia kinapanda usingizini mpaka kwenye zoloto na kuibabua. Saa 2 au 3 zipite kati ya chakula na kitanda, lakini alfajiri hiyo nani ana saa 2?

Kesho yake ni siku ya kunyamaza. Usinong'one pia, maana wengi wakinong'ona huzibana nyuzi zaidi. Ukihisi kitu kooni usijikohoze, meza mate. Unashika kadaftari, unaandika. Mwenzako wa nyumbani anasoma, anajibu kwa sauti, nawe unaandika tena, na huwezi kushinda ugomvi kwa maandishi, kalamu haifiki. Hapo mgeni anabisha hodi. Anakaa, anakutazama, anasema: "Basi tuimbie kidogo tu, hata polepole." Unaandika kwa herufi kubwa: SIWEZI, KOO. Anaisoma, anaigeuza nyuma kuona kama kuna kingine, anamgeukia mwenzako. "Umaarufu huu mbaya jamani. Siku hizi hata salamu anaandika."