Aliyejitangaza Si Aliyeapa

Wiki iliyopita niliombwa nipitie tafsiri ya makala fupi kuhusu Charles Bradlaugh, mwanasiasa wa Uingereza wa karne ya kumi na tisa, na katika aya ya kwanza nikakuta ameitwa "mkanamungu aliyeapa". Matini ya Kiingereza ilimwita "avowed atheist", yaani mkanamungu asiyeficha msimamo wake. Nililikodolea macho neno hilo "aliyeapa" kwa muda mrefu, kwa sababu katika maisha ya Bradlaugh kiapo ndicho kilichomtesa. Alipochaguliwa kuwa mbunge wa Northampton mwaka 1880, aliomba atoe tamko la uaminifu badala ya kula kiapo kinachomtaja Mungu, akakataliwa. Alipokubali kuapa, wenzake wakamzuia, kwa hoja kwamba kiapo cha mtu aliyekwisha kutangaza kuwa haamini hakina uzito. Alilazwa kizuizini usiku mmoja katika mnara wa saa wa Bunge, wapigakura wake wakamrudisha tena na tena, na Bunge halikumruhusu kuapa hadi mwaka 1886. Sasa mfasiri wetu amemwapisha kwa neno moja.

Kosa hili nimelikuta mara nyingi, na chanzo chake ni kudhani kwamba "avowed" limezaliwa na "vow", yaani nadhiri. Halikuzaliwa huko. Nadhiri ya Kiingereza imetoka katika Kilatini "votum", ilhali "avowed" limepitia Kifaransa cha kale, "avouer", kutoka "advocare", maana yake kumwita mtu aje upande wako. Wakili wa Kiingereza, "advocate", ni ndugu yake wa damu. Katika zama za makabaila, kumfanyia bwana tendo hilo la "avouer" kulikuwa kumtambua mbele ya watu kwamba huyu ndiye mlinzi wangu na mimi ni mtu wake. Kutoka hapo neno likaja kumhusu yeyote anayelisimamia jambo lake hadharani na kukubali kuhesabiwa nalo. Msingi wake ni sauti inayosikika, na kinyume chake ni kuficha. Ndiyo maana "avowed enemy", adui anayejitangaza, ni tofauti kabisa na yule wa kikulacho ki nguoni mwako.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba Kiingereza nacho kiliwahi kuwa na kitenzi kingine cha sura hiyo hiyo chenye maana ya kuweka nadhiri. Kilikwisha kufa, na hakiwezi kuwa kisingizio cha mfasiri wa leo.

Kiswahili hakijapungukiwa, ila maneno yake yanataka uangalifu. "Kukiri" kuna harufu ya kizimbani, kana kwamba imani ya mtu ni kosa alilobanwa hadi akalitaja. "Kudai" kunamtia mtu shaka, na "kujinasibu" kunamfanya aonekane anajivuna. Mimi huridhika na "aliyejitangaza", au "asiyeficha", kulingana na sentensi.

Kwa Bradlaugh niliandika: "aliyetangaza waziwazi kwamba haamini Mungu." Jibu lililorudi kutoka kwa walionipa kazi hiyo ni kwamba nafasi haitoshi, na "aliyeapa" ni fupi zaidi. Nimewaomba wapunguze maneno mahali popote pengine katika makala hiyo, lakini mtu aliyefungiwa mnarani kwa sababu ya kiapo wasimwandike kuwa aliapa ukanamungu wake.