Abbey ya Dublin: je, mcheza kwao hutuzwa?

Kila panapozuka mjadala wa kuwabeba watunzi wa tamthilia wa nyumbani, Abbey Theatre, ukumbi wa tamthilia wa Dublin, mji mkuu wa Ayalandi, hutajwa kama mfano wa kuigwa. Inastahili sifa hiyo. Lakini ukiipitia orodha ya miswada ambayo Abbey iliikataa, unakutana na majina ambayo leo Ayalandi inajivunia. Je, jukwaa lililoapa kumlea mwenyeji linaweza tena kuwa ndilo linalomfungia mlango?

Waandishi W. B. Yeats, Lady Gregory na Edward Martyn walianza harakati za kujenga tamthilia ya Kiayalandi mwaka 1899, nchi ikiwa bado chini ya Uingereza. Wakati huo kumbi za Dublin zilitegemea michezo ya kutoka London, na Mwayalandi akionekana jukwaani alikuwa kichekesho. Abbey yenyewe ilifunguliwa tarehe 27 Desemba 1904, katika jengo lililounganishwa na nyumba ya zamani ya kuhifadhia maiti. Aliyelipia ukarabati ni Annie Horniman, Mwingereza aliyerithi utajiri wa biashara ya chai, naye hakutaka siasa ziingizwe. Mei 1910 Mfalme Edward VII wa Uingereza alifariki, Abbey ikaonyesha mchezo kama kawaida, Horniman akakasirika na msaada ukakoma. Jukwaa la kizalendo lilikuwa likiishi kwa mfuko wa Mwingereza, na wazalendo wenzao hawakuacha kuwakumbusha.

Mtihani mkubwa ulikuja na mtunzi J. M. Synge. Mchezo wake wa The Playboy of the Western World unamhusu kijana anayedai amemuua baba yake, na kijiji alikokimbilia kinamfanya shujaa. Usiku wa kwanza, 26 Januari 1907, Yeats alikuwa Scotland. Lady Gregory alimpigia telegramu mapema kwamba mchezo umefana. Kabla hakujakucha ikafuata ya pili: watazamaji wamefanya vurugu, na kilichowachafua ni kutajwa kwa shimizi. Katika onyesho lililofuata ukumbi ulijaa kelele na zomeazomea, polisi wakaitwa, na waigizaji wakamaliza wiki wakicheza bila kusikika.

Waliozomea hawakuwa wajinga. Watu waliodhihakiwa na wakoloni kwa vizazi wana haki ya kushtuka wanapoonyeshwa kama washenzi na jukwaa linalojiita lao. Na polisi walioitwa walikuwa wa utawala uleule wa Kiingereza, jambo ambalo hunikera hata leo. Hata hivyo, kwenye kiini cha ugomvi niko upande wa Yeats. Ukumbi unaomtetea mtunzi pale tu anapowapendeza jamaa zake haumtetei. Abbey haikuuondoa mchezo.

Mwaka 1925 serikali changa ya Ayalandi iliipa Abbey ruzuku ya pauni 850, na ikawa ya kwanza miongoni mwa kumbi za nchi zinazozungumza Kiingereza kulipwa na dola. Waziri wa fedha aliyeitoa ni Ernest Blythe. Mwaka uliofuata mtunzi Sean O'Casey akaleta The Plough and the Stars, mchezo kuhusu mapambano ya 1916 dhidi ya utawala wa Uingereza, wenye kahaba ndani ya baa na bendera ya wapiganaji humo humo. Wajane na akina mama wa waliouawa waliandamana ukumbini, Yeats akapanda jukwaani kuwakaripia watazamaji. Ushujaa ule ulikaa miaka miwili tu. Mwaka 1928 Abbey, Yeats akiwa mstari wa mbele, iliukataa mchezo mwingine wa O'Casey, The Silver Tassie. O'Casey tayari alikuwa amehamia Uingereza, na hakurudi kuishi kwao.

Kisha Blythe mwenyewe akawa mkurugenzi mtendaji, kuanzia 1941 hadi 1967. Katika enzi yake The Quare Fellow ya Brendan Behan ilikataliwa na kuanzia ukumbi mdogo wa Pike mwaka 1954. Sive ya John B. Keane ilikataliwa, waigizaji wa ridhaa wa mji wa Listowel wakaicheza mwaka 1959, wakashinda tamasha la taifa, ndipo Abbey ikawaalika. Tom Murphy naye alikataliwa, na mchezo wake A Whistle in the Dark ukaonyeshwa London mwaka 1961.

Watetezi wa Blythe wana hoja nzito. Moto wa 1951 uliteketeza jengo, na kwa miaka 15 kundi lilihamia Queen's Theatre, ukumbi mkubwa uliotaka michezo ya kujaza viti. Tena hakuna ukumbi usiokataa miswada. Na bila Abbey, Brian Friel angekuwa na jukwaa gani nyumbani la kuzindulia Dancing at Lughnasa mwaka 1990, mchezo ulioshinda tuzo ya Tony, ya tamthilia ya Marekani, mwaka 1992?

Nakubali hayo, ila jibu langu liko Dublin hiyohiyo. Gate Theatre ilianzishwa 1928 na ikajulikana kwa kupenda michezo ya kigeni. Ni Gate hiyo iliyompokea Denis Johnston, Mwayalandi, baada ya Abbey kumkataa; inasimuliwa kuwa jina la mchezo wake, The Old Lady Says "No!" (Bibi Kizee Anasema "Hapana!", yaani Lady Gregory), lilitokana na maneno yaliyoandikwa kwenye mswada uliorudishwa. Kukataa si kosa. Kosa ni nchi nzima kumtegemea mlinzi mmoja wa lango, hasa akishaanza kujiona yeye ndiye anayejua nyumbani panafananaje.

Hilo lilijirudia Oktoba 2015. Abbey ilitangaza ratiba ya kuadhimisha miaka 100 ya 1916: michezo kumi, mmoja tu ukiwa wa mwandishi mwanamke, katika nyumba ambayo Lady Gregory aliianzisha. Vuguvugu la Waking the Feminists likazuka, na Novemba lilijaza ukumbi huohuo. Uongozi uliofuata ukakaribisha makundi mengine kwa maonyesho ya ubia. Januari 2019 wasanii zaidi ya 300 wakamwandikia waziri wa utamaduni kwamba ubia huo unawapunguzia ajira na malipo. Kwangu malalamiko yao ni ya kweli, lakini dawa yake ni kulipa vizuri ndani ya ubia na kupeleka sehemu ya ruzuku moja kwa moja kwa makundi madogo, si kurudisha funguo zote kwa mlinzi yuleyule.