Mzee wa mkonge na hesabu ya trilioni

Juzi kwenye kijiwe cha kahawa pale Mwanga, mjini Kigoma, binamu yangu ambaye ni mhasibu aliufunga mjadala kwa sentensi mbili: "Mzee ana watoto wake. Serikali hakuizaa yeye." Watu wakacheka, vikombe vikajazwa tena, tukahamia kwenye mpira. Mimi sikuhama. Hoja yenyewe ilikuwa hii: je, Serikali imlipe kila mzee pensheni ya kila mwezi, awe aliwahi kuajiriwa au hakuwahi? Binamu anasema hapana, na wanaosema kama yeye ni wengi, tena si watu wabaya. Wengi wao wanatuma hela kwa mama zao kila mwezi.

Tulipo sasa panajulikana. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60. Matibabu ya wazee wasiojiweza katika vituo vya Serikali ni bila malipo, ingawa dirisha la wazee na kabati la dawa ni vitu viwili tofauti. Katiba, ibara ya 11, inaitaka nchi iweke utaratibu wa mtu kupata msaada wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Ila pensheni ya kila mwezi ni ya aliyekatwa mshahara: mwalimu, karani, askari, mtu wa reli. Mkulima wa maharage wa Buhigwe, mvuvi wa Kibirizi na mama aliyekamua mawese miaka hamsini hawamo.

Kasulu, nyumba ya tatu kutoka kwa shangazi yangu, kuna mzee ambaye huwa namkuta kaketi chini ya mwembe, mguu mmoja umenyooshwa kwa sababu goti halikunji tena. Mwaka wake wa kuzaliwa anaukadiria 1942. Akiwa kijana wa miaka kumi na minane hivi alipanda treni hapa Kigoma kwenda kukata mkonge Tanga. Manamba, ndivyo walivyoitwa vibarua wa mkataba wa mashambani. Wenye mashamba walikuwa na wakala wao, SILABU, aliyezunguka Buha, nchi ya Waha, kuanzia miaka ya 1940 kuwakusanya vijana, kwa sababu mkoa huu waliuona kama ghala la mikono. Mzee anaeleza habari za kipande: kadi ya siku thelathini, kila siku uliyomaliza kazi inapigwa alama, na mshahara hauuoni mpaka alama zitimie. Ukiugua, kadi inakungoja. Anakuonyesha kiganjani jinsi mwiba wa mkonge unavyoingia na kukatikia ndani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani kwa mkonge, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na fedha za kigeni za nchi changa zilitoka huko kwa sehemu kubwa. Mfuko wa akiba wa wafanyakazi, NPF, ulianzishwa mwaka 1964. Mzee anasema mwaka huo ndio aliorudi nyumbani. Kwa hiyo mtu aliyekata majani yaliyoiingizia nchi dola hana hata jalada moja lenye jina lake katika mfuko wowote. Mtu akiniambia pensheni ni ya "waliochangia", huwa namfikiria yeye, na kichwa kinauma kidogo.

Sasa niwatendee haki wanaopinga, maana hoja zao si za kijiweni tu. Ya kwanza ni fedha. Ya pili ni kwamba tayari kuna TASAF, mfuko wa Serikali unaozilipa kaya maskini, na kaya nyingi zinazolipwa zina wazee ndani yake. Ya tatu ndiyo iliyomfanya binamu aseme alichosema: Serikali ikianza kulipa, watoto watajitoa, na kilichobaki cha malezi yetu kitakwisha. Ya nne, ambayo hapa Kigoma haisemwi kwa sauti, ni swali la nani hasa atahesabiwa kuwa mzee wa Tanzania.

Fedha kwanza. Sensa ya 2022 ilihesabu wazee wa miaka 60 na zaidi wanaokaribia milioni 3.5, yaani asilimia 5.7 ya Watanzania wote. Tumpe kila mmoja shilingi 20,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi bilioni 840 hivi. Nilipoitaja namba hiyo pale kijiweni, binamu alipiga meza: "Si unaona!" Ni kweli inatisha. Lakini bajeti ya mwaka 2025/26 ni shilingi trilioni 56.49. Gawanya. Ni shilingi moja na nusu katika kila shilingi mia.

Hapo binamu, kwa kuwa anaijua kazi yake, hakukubali. Akasema bajeti si mfuko ulio wazi. Sehemu kubwa inaondoka kulipa madeni na mishahara kabla waziri hajafungua mdomo. Sawa. Tuseme inayobaki mikononi ni nusu tu. Basi ni shilingi tatu katika mia. Tuseme tena kwamba huwezi kuanza na miaka 60 na badala yake unaanza na 70, kama walivyofanya wenzetu wa Zanzibar na Kenya. Idadi inaporomoka, na shilingi tatu nazo zinashuka. Nimeigeuza hesabu hii mara nyingi, mpaka nyuma ya bahasha ya dawa nimeiandika, na kila nikiigeuza naona kitu kilekile: ni ghali, lakini si ghali kwa namna ya kutufanya tucheke na kuhamia kwenye mpira. Ni ghali kama barabara ilivyo ghali. Na barabara tunajenga.

Tena kuna upande wa hesabu ambao wahasibu wanauruka. Mzee wa mkonge akinunua sabuni dukani analipa VAT ya asilimia 18 kama mimi na wewe. Amekuwa akilipa kodi za namna hiyo maisha yake yote, hata ile kodi ya kichwa ambayo hapo zamani ilikuwa ndiyo inayowasukuma vijana kwenda mkonge. Kumwita "asiyechangia" ni kuchanganya mtu asiye na stakabadhi na mtu asiyelipa. Na hizo 20,000 hazitakwenda benki ya Ulaya. Zitaishia duka la kona, kwa muuza dagaa, kwa kijana wa bodaboda. Nyingine zitarudi Hazina kwa mlango wa nyuma.

TASAF nitaipitia haraka. Ni mpango mzuri, umewainua wengi, ila unahesabu kaya, hauhesabu mtu. Bibi anayeishi uani kwa mwanawe mwenye nyumba ya bati na pikipiki si maskini machoni pa mkutano wa kijiji, hata kama yeye mwenyewe hajashika noti tangu mavuno ya mwaka jana. Kaya si maskini. Bibi ni maskini. Wote wawili ni kweli, na orodha inamwona mmoja tu.

Hoja ya watoto ndiyo iliyonifanya niandike. Watu wanaoamini kwamba pensheni itaua malezi wanadhani msaada wa mtoto na msaada wa Serikali vinagombea kiti kimoja. Mimi nimekaa na wazee muda wa kutosha kuona kinyume chake. Shangazi yangu mwenyewe, miaka sabini na kitu, ana presha, na analea wajukuu watatu walioachwa na binti yake aliyekwenda Dar kutafuta. Binti anatuma hela. Anatuma akipata. Kuna mwezi zinakuja 50,000, kuna miezi miwili zinakuja salamu. Vidonge vya presha havijui miezi ya salamu. Zahanati hawamtozi, lakini kufika huko ni bodaboda, na bodaboda hana dirisha la wazee. Basi shangazi anafanya wanavyofanya wengi: anameza kidonge siku akihisi kichwa kizito, asipohisi anakiweka. Ukimwambia presha haisemi, anakujibu, "Na nauli nayo haisemi."

Kinachomuumiza zaidi si hata dawa. Ni kuomba. Mtoto mmoja wa jirani akisimamisha bodaboda amwahishe zahanati, shangazi hana cha kumpa ila "asante mwanangu". Msibani hana mchango wa kuandikisha. Mjukuu akirudishwa nyumbani kwa sababu ya daftari, anayepigiwa simu ni mtoto wa Dar, na simu hiyo inaanza kwa kujieleza. Baada ya muda mzee anaacha kupiga. Watoto nao wanadhani mambo ni shwari kwa kuwa mama halalamiki. Hivyo ndivyo ninavyoona malezi yanavyokufa, na hakuna pensheni iliyohusika.

Ushahidi upo, na haupo mbali. Wilayani Muleba, Kagera, shirika la Kwa Wazee limekuwa likiwapa wazee pensheni ndogo tangu mwaka 2003, wengi wao bibi waliobaki na wajukuu yatima wa UKIMWI. Waliofanya tathmini walikuta fedha zikienda kwenye chumvi, sabuni na viatu vya shule. Ni pensheni ya bibi, lakini mguu uliovaa kiatu ni wa mtoto. Zanzibar walianza Pensheni Jamii mwezi Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa kila aliyefika miaka 70, bila kuuliza alichangia wapi. Baadaye wakapandisha hadi 50,000. Kenya nao wakafungua mpango wao kwa wote wa miaka 70 na zaidi mwaka 2018. Sijasikia kwamba Wapemba wameacha kuwatunza mama zao.

Sisemi hakutakuwa na wajanja. Watakuwepo vijana watakaomsindikiza babu kuchukua hela na kurudi bila babu wala hela. Wapo wanaofanya hivyo hata sasa kwa hela za korosho, tumbaku na kahawa, na hakuna aliyependekeza tufunge soko la kahawa.

Ila hoja ya nne, hiyo nawakubalia, na ningependa wanaounga mkono pensheni waiogope kuliko wanavyoiogopa. Ili umlipe mzee lazima umjue. Mzee wa hapa hana cheti cha kuzaliwa. Alizaliwa "mwaka wa nzige" au "kabla ya shule ya wamisheni". Na Kigoma si Dodoma. Mpaka na Burundi unapita katikati ya koo. Wakimbizi wa 1972 na waliokuja baada yao wamefanya kila anayesema Kiha kwa lafudhi fulani aulizwe babu yake amezikwa wapi. Watu waliozaliwa Kasulu na Kibondo wamezungushwa ofisi hadi ofisi kwa kitambulisho cha Taifa, na hilo limesemwa bungeni si mara moja.

Niliwahi kumsindikiza mzee wa mkonge kujiandikisha. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Zamu yake ilipofika, kijana wa mashine alimshika kidole, akakibonyeza kwenye kioo. Mashine ikakataa. Akamfuta kwa kitambaa chenye maji, ikakataa. Akampaka mafuta kidogo, akabonyeza kwa nguvu mpaka mzee akakunja uso. Ikakataa. Jembe na mkonge vilikuwa vimesugua vidole vyote kumi vikawa laini kama kokoto la ziwani. Kijana hakuwa na ubaya, alijaribu kweli. Akatuambia turudi wiki ijayo, mzee asilime siku tatu kabla. Mzee akauliza, kwa adabu tu, "Nisipolima nile nini, baba?"

Sasa mfanye kidole hicho kiwe mlango wa pensheni. Wa kwanza kubaki nje watakuwa walewale waliofanya kazi zaidi, na mkoa wa kwanza kulalamika utakuwa wetu. Kwa hiyo ningeanza na umri mkubwa, 75 hata, ili idadi iwe ndogo na kila jina liweze kuthibitishwa kwa mdomo: mwenyekiti wa kijiji, wazee wa rika lake, kitabu cha ubatizo au imamu wa msikiti, chochote kilichopo. Kisha umri ushuke kadiri fedha na orodha vinavyoruhusu. Binamu nilimwambia hivyo. Akaitoa kalamu, akaandika kitu kwenye kiganja, akasema kwa 75 anaweza kuangalia upya.

Mzee wa mkonge tulimrudisha wiki iliyofuata. Vidole viwili vilisoma. Kitambulisho bado hakijatoka. Nilimuuliza kama anaikumbuka namba aliyopewa kwenye karatasi ya kufuatilia, akatikisa kichwa. Halafu, bila kuulizwa, akanitajia namba yake ya Tanga, ya kwenye kipande, tarakimu zote.